Ufundi wa Kuipanga Siku Moja

"Siku kama ya leo, mwaka 1954…" Mtangazaji akishasema hivyo asubuhi redioni, msikilizaji hupewa dakika mbili za historia: matukio matano au sita ya tarehe moja, ya miaka mbalimbali na nchi mbalimbali, kisha muziki unaingia. Magazeti nayo huweka kisanduku cha aina hiyo pembeni mwa ukurasa. Wengi hudhani ni kazi ya kujaza nafasi, kwamba mtu ananakili orodha na kuifupisha. Mimi naiona kuwa ufundi kamili, wenye vipimo vyake na maadili yake, na wanaoufanya vizuri wanastahili sifa ambayo hawaipati kwa sababu majina yao hayatajwi. Nitaichukua siku moja, tarehe 7 Julai, nionyeshe mikono yao inapita wapi.

Ufundi huu una wazee wake. Karibu na mwaka 1000, Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarezm, aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa, Al-Athar al-Baqiya, naye bado ni kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini. Alizipanga sikukuu za Waajemi, Wayahudi, Wakristo na Waarabu, akaeleza kila umma unavyohesabu miaka yake na namna ya kuhamisha tarehe kutoka hesabu moja hadi nyingine. Zaidi ya miaka mia nane baadaye, Robert Chambers wa Edinburgh alitoa The Book of Days, juzuu mbili nene zilizokamilika mwaka 1864, ambamo kila siku ya mwaka ina kurasa zake: waliozaliwa, waliofariki, visa na desturi. Al-Biruni alifundisha kuihoji kalenda, Chambers akafundisha kuijaza. Fundi wa leo anahitaji masomo yote mawili, na la kuhoji linatangulia.

Chukua jina la Marc Chagall, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1887 katika eneo la Vitebsk, Belarus ya leo. Orodha nyingi humweka tarehe 7 Julai. Fundi makini husita hapo, maana anajua Urusi ya wakati ule ilitumia kalenda ya Juliasi, na kwa kalenda hiyo Chagall alizaliwa tarehe 24 Juni. Katika karne ya 19 kalenda ya Juliasi ilikuwa nyuma ya ile ya Gregori kwa siku 12. Ongeza 12 juu ya 24 Juni, unapata 6 Julai. Ile 7 Julai imetoka wapi? Mwaka 1900 ulikuwa mwaka mrefu kwa Juliasi lakini haukuwa mrefu kwa Gregori, hivyo pengo likafika siku 13. Chagall alipofika Paris na kuigeuza tarehe yake mwenyewe, alitumia pengo la wakati ule, 13, badala ya lile la mwaka aliozaliwa. Alikosea siku moja, akaishi nayo hadi kufa, na vitabu vikamfuata. Kumtoa mtu kwenye siku aliyoisherehekea mwenyewe kunahitaji ujasiri, na ujasiri huo hutoka kwenye hesabu iliyorudiwa mara ya pili na ya tatu.

Fundi huyohuyo haigusi tarehe ya Jeanne d'Arc. Mahakama ya Kanisa mjini Rouen ilitengua hukumu yake tarehe 7 Julai 1456, miaka 25 baada ya kuchomwa moto. Kalenda ya Gregori ilianza mwaka 1582, na desturi ya wanahistoria ni kuziacha tarehe za kabla ya hapo kama zilivyoandikwa. Kujua lini uhesabu upya na lini uache ni sehemu ya ustadi.

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Wazee walikuwa na hesabu ya mwezi mwandamo kwa saumu na Maulidi, na pembeni yake mwaka wa Nairuzi kwa mkulima na nahodha. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hivi mwanzo wake hurudi nyuma siku moja ukiupima kwa kalenda ya ofisini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa mwezi huuhuu wa Julai, unatokana na hesabu hiyo. Aliyekulia kati ya hesabu tatu hashangai kuambiwa kwamba tarehe ni makubaliano ya watu, na makubaliano hutofautiana.

Hata saa inataka kuangaliwa. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 7 Julai 1978. Honiara, mji mkuu wake, iko saa nane mbele ya Dar es Salaam, kwa hiyo tarehe 7 ilipoingia kule, huku ilikuwa saa 10 jioni ya tarehe 6. Fundi huandika siku ya mahali tukio lilipotokea. Kanuni hiyo ni nyepesi kuisema, na wengi huivunja kwa kufuata saa ya shirika lililoleta habari.

Hatua ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza: tukio moja huwa na siku kadhaa, na lazima uchague. Mkataba ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000 baada ya Kenya, Uganda na Tanzania kukamilisha kuuridhia. Jumuiya ilifufuka lini basi? Ukiandika kwamba tarehe 7 Julai viongozi walitia saini, umesema uongo. Ukiandika "Jumuiya inaanzishwa" bila maelezo, umesema nusu. Fundi huandika hivi: "2000: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waanza kutumika." Kitenzi kimoja kimebeba ukweli wote.

Azimio la Arusha linadai uangalifu uleule. Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Taifa linaikumbuka siku ya kutangazwa, na kwa haki, kwa kuwa hapo ndipo wananchi walipolisikia. Lakini orodha inayosema lilipitishwa tarehe 5 Februari imekosea hata kama tarehe yake ndiyo inayoadhimishwa. Kupitisha, kutangaza, kutia saini, kuridhia na kuanza kutumika ni siku tofauti, na fundi hazichanganyi.

Kisha kuna tarakimu, ambazo ndizo zinazompima zaidi. Tarehe 7 Julai 1990 ilikuwa Jumamosi. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai mfumo wa vyama vingi. Serikali ilikataa kutoa kibali, na siku tatu kabla ya mkutano ikawaweka wote wawili kizuizini. Watu walikwenda hata hivyo, wakapigwa mabomu ya machozi na risasi, na ghasia zikaenea hadi miji mingine. Watu waliuawa. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoilazimisha Kenya kuwa na chama kimoja kilifutwa. Tarehe 7 Julai 2025 Wakenya waliingia tena barabarani kuikumbuka siku ile, na wakauawa tena. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitaja vifo 10 siku hiyo, na siku iliyofuata ikataja 31. Aliyenakili tarakimu ya jioni na kuiacha amewapunguza watu 21 kutoka kwenye kumbukumbu. Fundi mwema hutaja idadi pamoja na aliyeitoa, na mwaka unaofuata, tarehe hiyo ikikaribia, huifungua tena kuona kama imebadilika. Orodha yake hutunzwa kama shamba, hupaliliwa kila msimu.

Baada ya kuhakiki huja kuchuja. Tarehe 7 Julai imejaa. Mwaka 1937 majeshi ya Japani na China yalifyatuliana risasi kwenye daraja la Lugou, karibu na Beijing, na vita vikubwa vikafuata. Mwaka 1985 Boris Becker, kijana wa miaka 17, alichukua ubingwa wa Wimbledon. Mwaka 1998 Moshood Abiola, aliyetambuliwa na Wanigeria wengi kuwa mshindi wa uchaguzi wa Juni 1993 uliofutwa na wanajeshi, alifariki akiwa bado kizuizini. Mwaka 2005 mabomu yaliwaua watu 52 katika treni za chini ya ardhi na basi mjini London, siku moja tu baada ya mji huo kupewa Olimpiki ya 2012.

Yote haya ni ya kweli, na yote hayawezi kuingia katika dakika mbili. Msikilizaji wa Tabora au Mombasa ana haki ya kusikia kwanza yaliyomgusa, lakini ana haki pia ya kujua kwamba dunia ni pana kuliko mtaa wake. Orodha ya nyumbani peke yake humfungia, na ya ng'ambo peke yake humfanya mgeni katika redio yake. Nimesikia orodha zilizopata uwiano huo sawasawa: tatu za kwetu, moja ya bara letu, mbili za mbali. Abiola hukaa vizuri baada ya Kamukunji, maana msikilizaji ameshaingia katika habari ya watu waliofungwa kwa ajili ya kura, na sikio linapokea.

Hapo kuna heshima ndogo ambayo mafundi wazuri hawaisahau. Ubingwa wa tenisi hausomwi mara tu baada ya waliouawa London. Ama unaachwa, ama unawekwa upande wa michezo, ama mtangazaji anaandikiwa alama ya kupumua. Sentensi ya msiba huwa fupi na haina sifa za kuikuza: mahali, waliokufa, basi. Jina la marehemu hutajwa kamili. Hizi ni adabu za matanga zilizohamia studio, na anayezishika humwezesha msikilizaji kuusikiliza msiba wa mtu asiyemjua kwa staha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile isiyoonekana: viunganishi ambavyo fundi anakataa kuviweka. Tazama 7 Julai ya Afrika Mashariki. Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam kutokana na TAA, Julius Nyerere akiwa rais wake, na siku hiyo ikawa Sabasaba, sikukuu ambayo leo Watanzania wengi huijua kwa maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa. Mwaka 1990 ikaja Saba Saba ya Kamukunji. Mwaka 2000 mkataba wa Jumuiya ukaanza kutumika. Na Novemba 2021 UNESCO, katika mkutano wake mkuu mjini Paris, iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022, Kiswahili kikiwa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku na shirika hilo.

Mtu mwenye haraka angeyafunga yote kwa kamba moja na kuiita siku ya ajabu ya Waswahili. Fundi hufanya kazi ya polepole zaidi, ya kuuliza kila tukio lilifikaje hapo. Mkataba wa Jumuiya ulifikishwa tarehe hiyo na mwendo wa kuridhiwa na nchi tatu. Kamukunji ilikuwa na sababu zake ndani ya siasa za Kenya. Lakini Siku ya Kiswahili iliwekwa pale kwa makusudi: UNESCO iliikumbuka TANU ya 1954, iliyokifanya Kiswahili chombo cha kuwaunganisha watu katika kudai uhuru. Kwa hiyo katika orodha iliyoandikwa sawasawa, matukio manne yanasimama kila moja kwa mwaka wake, na kati ya mawili tu, la 1954 na la 2022, ndipo panapowekwa "kwa kukumbuka".

Siku nyingine ina kamba nyingi zaidi, na fundi huzionyesha bila kusita. Chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa Zanzibar tarehe 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 5 Februari 1967, na TANU na Afro-Shirazi zikaungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Tarehe hiyo ya mwisho ilichaguliwa na watu waliotaka chama kipya kirithi kumbukumbu za vile vya zamani, na msikilizaji anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Kutenganisha kilichokutanishwa na bahati na kilichokutanishwa na nia ndiyo roho ya kazi hii. Anayeambiwa kila mara kwamba tarehe zina siri huishia kuamini nyota. Anayeonyeshwa kwamba watu walikaa kikao, wakaichagua siku na kueleza kwa nini, hujifunza jinsi mataifa yanavyojenga kumbukumbu zao, na hupata nguvu ya kuuliza juu ya sikukuu nyingine: nani aliiweka, lini, kwa ajili ya nani. Dakika mbili za redio, zikitayarishwa na mtu aliyehesabu, aliyechuja na aliyejizuia, zinaweza kumfundisha msikilizaji swali hilo, naye akalipeleka kazini, shuleni na kwenye kikao cha kijiji chake. Kwa watayarishaji wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu, asubuhi baada ya asubuhi, natoa shukrani, na naviomba vyumba vya habari viwape muda unaostahili.