Pandemonium: Baraza Lililogeuzwa Zogo
Katika Kiingereza cha leo, *pandemonium* ni zogo na vurugu. Lakini John Milton alipolibuni neno hilo katika utendi wake *Paradise Lost* (1667), kutokana na Kigiriki *pan* ‘-ote’ na *daimon* ‘pepo’, alikuwa akilipa jina jumba kuu la Shetani huko Jahanamu. Baraza linalokutana humo lina utaratibu: Moloch, Belial, Mammon na Beelzebub wanahutubu kwa zamu, kisha kura inapigwa. Kwa hiyo, mhakiki anayeupachika utendi huo maana ya leo, au mfasiri anayeandika ‘Makao ya Zogo’, anaipoteza hoja ya Milton. Kinachotisha katika jumba lile si kelele, bali uovu unaojadiliwa kwa staha na kuafikiwa.