Zao Linalotaka Giza

Safu ya kwanza, ile ya karibu na mlango wa kioo, ilikuwa kijani tupu. Ya pili ilikuwa na mabaka mekundu hapa na pale, kama kanga iliyochuja. Kuanzia ya tatu hadi ukutani, wekundu ulikuwa umekolea vizuri. Ilikuwa Novemba 10, wiki tatu na ushei kabla ya mauzo ya Krismasi, na vyungu vyote hivyo vilikuwa vimepandwa siku moja na kunyweshwa mbolea ya pipa moja.

Kitalu nyumba hicho ni cha chuo kimoja cha kaskazini mwa Marekani, na wanaokiendesha ni wanafunzi: wanaagiza miche, wanapangiana zamu, wanauza, na fedha inaingia kwenye chama chao. Msimu ule nilijitolea kuwasaidia nikidhani poinsetia ninaijua. Nimekulia Moshi, ambako ni mti wa uani unaopita kimo cha dirisha, na sijawahi kuona mtu akiuhesabia saa.

Kwenye kitalu kile kila kitu ni saa. Tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijipele vya manjano vilivyojikusanya katikati. Majani hugeuka pale usiku unapozidi kama saa 12 bila kukatizwa. Kwenye latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, usiku huanza kuwa mrefu kiasi hicho wiki ya mwisho ya Septemba, na aina tuliyokuwa nayo huchukua wiki 8 kutoka hapo hadi kuiva rangi. Kwa hiyo kalenda inapangwa kinyumenyume. Mauzo ni wiki ya kwanza ya Desemba, basi giza lianze mwisho wa Septemba, na kabla ya hapo mmea uwe umeshajaa matawi. Vipandikizi vyenye mizizi vilifika mwanzoni mwa Agosti, kikapandwa kimoja katika kila chungu cha sentimita 15. Baada ya wiki mbili vikakatwa vichwa, kila kimoja kikaachiwa majani sita, ili kila kwapa la jani litoe tawi.

Kwenye matawi hayo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Poinsetia ya porini Meksiko ni mti wa fimbo chache ndefu; hata ukiukata kichwa, unatoa matawi mawili matatu na kuendelea kwenda juu. Ya chunguni hujaa matawi kwa sababu ni mgonjwa. Ndani ya mishipa yake mna fitoplazma, kiumbe wa jamii ya bakteria asiye na ukuta wa seli. Wakulima wa minazi wa pwani ya Tanzania wanamjua ndugu yake kwa machungu, maana ndiye aletaye ugonjwa wa kunyong'onyea. Kwenye poinsetia anatunzwa kama mboni ya jicho. Familia ya Ecke ya Encinitas, California, ilikuwa ikibebesha mche mpya juu ya mche wenye matawi mengi, na siri hiyo iliwaweka mbele ya wenzao sokoni kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 John Dole na Harold Wilkins wa University of Minnesota wakachapisha kwamba tabia ya kutoa matawi huhama kwa njia ya kubebesha. Mwaka 1997 ikathibitishwa kwamba anayehama ni fitoplazma.

Urefu ulisimamiwa kwa grafu, mtindo uliojengwa Michigan State University. Mara mbili kwa wiki unapima vyungu vitano na kutia nukta kati ya mistari miwili; nukta zikipanda kupita mstari wa juu, unashusha joto la kitalu kwa saa mbili tatu kuanzia alfajiri, na shina linapunguza kasi. Dawa ya kudumaza ipo pia, ila ukiipiga baada ya katikati ya Oktoba majani mekundu yanabaki madogo. Oktoba mwanzoni grafu yetu iliruka sentimita 11 kwa siku tatu. Tulikuna vichwa mpaka tulipogundua kwamba mpimaji wa Jumatatu alianzia kwenye ukingo wa chungu, na wa Alhamisi akaanzia mezani.

Nzi weupe walikuwepo, walewale wanaosambaza batobato ya mihogo kwetu. Nyigu wadogo walioletwa kwa kazi hiyo waliwamaliza.

Turudi kwenye safu ya kwanza. Nyuma ya mlango wa kioo kuna chumba cha kupandia, chenye meza ndefu na joto zuri. Mitihani ya katikati ya muhula ilipokaribia, wanafunzi wakakifanya chumba cha kujisomea, taa ikiwaka hadi saa 6 usiku. Mwanga uliovuja haukuwa mkali. Ungeweza kusoma gazeti kwa kukaza macho. Unatosha. Mmea unahesabu giza, na fitokromu iliyomo kwenye majani ikiguswa na mwanga, hesabu ya usiku ule inavurugika. Mashamba ya maua ya karibu na ikweta, yanayozalisha vipandikizi vya kupeleka Ulaya, hutumia hila hiyohiyo kwa makusudi: huwasha taa katikati ya usiku ili miti mama ibaki kijani.

Kitambaa cheusi cha kufunikia tulikuwa nacho. Tuliamua Septemba kutokivuta, na uamuzi ule bado nautetea. Kukifunga jioni yenye joto ni kuufungia mmea ndani ya tanuri, na usiku unaozidi nyuzi 23 za Selsiasi huchelewesha rangi kama taa inavyochelewesha. Kosa lilikuwa kutokukirudia mwezi Oktoba, hali ya hewa ilipopoa. Wala siwalaumu waliokuwa wakisoma. Daftari la zamu lilikuwa na sehemu ya maji, ya mbolea, ya wadudu na ya urefu. Sehemu ya taa haikuwepo, na kila aliyeingia zamu alijaza alichoulizwa.

Usiku ule ule wa Novemba 10 tulifunika safu mbili za kwanza, na tangu hapo zikawa zinafunikwa kila siku kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi. Safu ya pili iliwahi mauzo, kwa bei ya chini kidogo. Ya kwanza ilikuja kuiva wiki ya pili ya Januari, nyekundu kuliko zote tulizouza, theluji ikiwa imefika magotini. Tukaziweka mlangoni na kibao kilichoandikwa "Chukua bure, pamoja na chungu."