Mhusika Mwenye Rasta Mpeni Kazi Kwanza

Kuna kasoro moja ya fani ambayo imezoeleka mno katika hadithi za waandishi chipukizi, na leo nataka tuizungumze bila kuoneana haya. Ni ile ya mhusika mwenye nywele ndefu. Akitokea mwanamume mwenye rasta ukurasa wa tatu, basi hata asiposema neno tunajua kwamba ukurasa wa kumi atakuwa kaiba, kachoma mtu kisu au kashikwa na bangi. Mwandishi haoni haja ya kumchora tabia, nywele zimeshamaliza kazi. Shuleni mhusika wa namna hii tulifundishwa kumwita bapa, yule asiyebadilika toka mwanzo mpaka mwisho. Wapo waliolikariri jibu hilo kwa ajili ya mtihani, wakapata maksi zao, kisha wakaenda kumwandika yuleyule.

Najua atatokea wa kuniambia, "Acha hizo mshkaji, hadithi ni hadithi tu." Kwangu mimi haiishii hapo. Kijana wa huku Binza anayefuga nywele, siku akienda kuomba kazi, anakutana na bosi ambaye hadithi hizo ameshazisoma, au ameziona kwenye filamu, au amesimuliwa. Mimi mwenyewe nafuga nywele. Ofisi moja niliyopeleka maombi ya ukarani haikuuliza najua hesabu kiasi gani. Niliambiwa, "Kijana, kanyoe kwanza, hapa si kijiweni." Hukumu ilishatoka kabla sijavuta kiti.

Sasa tutoke kwenye miswada twende mahakamani, maana kuna kesi ambazo kila anayeota kuandika riwaya angefaa kuzijua. Mwaka 2007, katika gereza la Pollsmoor lililoko Cape Town, askari magereza watano, wote wanaume, walifukuzwa kazi kwa sababu walikataa kukata rasta zao. Wengine walizifuga kwa imani ya Kirasta. Wengine walizifuga kwa mila ya Kixhosa, ya mtu aliyeitwa na wahenga wake awe mganga, jambo ambalo bafumu wa Usukumani wangelielewa bila mkalimani. Wakubwa wa magereza walijitetea kwamba rasta zinavunja nidhamu, na kwamba askari wa Kirasta anaweza kurubuniwa na wafungwa wa imani yake akawapenyezea bangi.

Umeiona hadithi hiyo? Ndiyo hiihii ya miswada yetu. Nywele, halafu bangi, halafu uhalifu! Tofauti ni moja tu. Mahakamani mtunzi wa hadithi anadaiwa ushahidi. Hapa haukupatikana ushahidi kwamba nywele za askari wale ziliharibu kazi yao. Isitoshe, askari wa kike wa idara hiyohiyo waliruhusiwa kuwa na rasta. Mwezi Machi 2013 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ikasema wanaume wale walibaguliwa kwa jinsia, kwa dini na kwa mila. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Zimbabwe nayo ilikuwa na kesi ya Chikweche, kijana aliyesomea sheria, ambaye jaji alikataa kumwapisha uwakili kwa sababu ya rasta. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema uhuru wake wa dhamiri umevunjwa.

Lakini tusidanganyane kwamba mwenye nywele hushinda siku zote. Huko Marekani, mwaka 1970, gazeti la Macon Telegraph la jimbo la Georgia lilimnyima kazi ya kupanga kurasa kijana aitwaye Willingham, kwa kuwa nywele zake zilifika mabegani. Mwezi uleule aliopeleka maombi palikuwa na tamasha kubwa la muziki katika mji jirani wa Byron, lililojaa vijana wa nywele ndefu, na gazeti likahofia wafanyabiashara wa mji wangemwona mmoja wa wahuni wale. Alidai kwamba angekuwa mwanamke nywele zile zisingemkosesha kazi. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikamshinda. Ilisema nywele si sawa na rangi ya ngozi, mtu anaweza kuzikata. Ilichukua muda mrefu upepo kugeuka kule. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria inayotaja wazi mitindo ya asili ya nywele, rasta zikiwamo. Linaloniuma mimi katika kesi ya Macon ni kwamba aliyemfungia mlango kijana yule alikuwa gazeti, watu wa kalamu kama sisi.

Na kwetu je? Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mambo mengine kadhaa. Soma orodha ile juu hadi chini, neno "nywele" hulikuti. Kwa hiyo mwanamume aliyeonewa lazima atafute mlango mwingine. Kama ni Mrasta kwa imani, upo mlango wa dini. Kama ofisi hiyohiyo inawaruhusu wanawake kufuga nywele na yeye inamkataza, upo mlango wa jinsia. Sheria ile inamhesabu hata mwombaji wa kazi. Mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa ushahidi unahamia kwa mwajiri. Aliyefukuzwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo asikae kijiweni kulalamika mpaka muda ukayoyoma.

Hata hivyo tusiitie sheria chumvi. Haiwahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza wala JKT. Kesi kama ya Pollsmoor hapa kwetu ingebidi ipitie mlango wa Katiba. Na hukumu ya Afrika Kusini haimfungi mwamuzi wa Bariadi, inaweza kumpa mwanga tu. Kijana anayefuga nywele kwa sababu zinampendeza, basi, bado amesimama mahali penye utelezi.

Mwajiri naye ana haki yake. Sheria inamruhusu kutofautisha watu pale ambapo kazi yenyewe inadai hivyo. Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Katika kiwanda cha kuchambua pamba, mashine ina mikanda na magurudumu yanayozunguka, na nywele zinazoning'inia zinaweza kumvuta mtu kichwa. Kumwambia afunge nywele au avae kofia ni halali kabisa, awe mwanamume au mwanamke. Lakini karani wa mizani je? Mkulima anapoleta pamba yake hapimi urefu wa nywele za karani. Anautazama mshale wa mizani. Mbona Mmasai mwenye nywele ndefu zilizosukwa anakabidhiwa lindo la duka usiku kucha, halafu kijana mwenye rasta anaonekana hafai kushika kalamu mchana? Nywele za mmoja zimepewa hadithi ya ushujaa, za mwingine zimepewa hadithi ya uhuni. Hadithi hizo zote mbili hazijampima mtu kazini.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye fani. Swali la sheria ndilo swali zuri la uhakiki. Nywele hizi zinafanya nini katika kazi? Katika riwaya tuulize, zinafanya nini katika kisa? Kama zinakamatwa na mkanda wa mashine, ziandikwe. Kama zinamgombanisha kijana na baba yake mlokole, ziandikwe. Lakini kama zimewekwa pale ili msomaji ajue tu kwamba huyu ni jambazi, mwandishi ametoa hukumu bila ushahidi, na mbele ya mwamuzi yeyote makini angeshindwa. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mhasibu aliyenyoa vizuri na kufunga tai naye huiba, tena kwa kalamu.

Tahadhari moja ya mwisho. Tusikimbilie upande wa pili tukamfanya kila mwenye rasta malaika anayeonewa. Huyo naye ni bapa, amegeuzwa tu kifudifudi. Awe mvivu, awe mchapakazi, awe mwongo, awe mkweli, ilimradi tumwone akifanya jambo. Mwandishi mwenzangu, siku ukimleta mwanamume mwenye nywele ndefu, mpe kazi kwanza. Mweke kwenye mizani msimu wa pamba, wakulima wamejipanga, jua linawaka, bosi amesimama nyuma yake. Tumtazame mikono, halafu ndipo tuamue ni mtu wa namna gani.