Chaneli Moja Inapogoma: Somo la Chicago, 2009

Chaneli zote zikipotea, anza kushuku waya. Ikipotea moja tu, uliza kwanza inarushwa kwa masafa gani. Namba unayoiona kwenye skrini haikupi jibu, kama walivyogundua watazamaji wa Chicago.

Tarehe 12 Juni 2009 ilikuwa siku ya mwisho ya analojia kwa vituo vikubwa vya televisheni Marekani. Kituo cha WLS, maarufu kama chaneli 7, kilikuwa kikirusha dijitali kwenye masafa ya juu ya UHF, nafasi ya 52. Siku hiyo kikahamia masafa ya chini ya VHF, nafasi ya 7, kati ya megahezi 174 na 180. Ving'amuzi viliendelea kuandika 7 ileile ya zamani, kwa hiyo mtazamaji hakujua kama kuna kilichohama. Alichoona ni picha kutoweka.

Dawa ya kwanza ilikuwa kusachi chaneli upya ili king'amuzi kiyapate masafa mapya. Waliosachi wakatoka mikono mitupu walipaswa kuikagua antena. Katika masafa hayo wimbi lina urefu wa karibu mita 1.7, na antena ya kulinasa vizuri hutaka mikono miwili yenye jumla ya sentimita 80 hivi. Antena nyingi ndogo za ndani ni za UHF, ambako sentimita 25 zinatosha. Isitoshe, kelele za umeme kutoka kwenye mota na vifaa vya nyumbani huisumbua VHF zaidi. Busta haisaidii hapo, maana inakuza kelele pamoja na mawimbi.

Mwishowe vituo navyo vilichukua hatua. Mwaka huohuo WLS ilirudi UHF, nafasi ya 44. Huko Philadelphia, kituo cha WPVI kilibaki VHF, nafasi ya 6, kikaongeza nguvu ya mtambo.

Somo hilo linatufaa nasi: kwenye ving'amuzi vyetu vya antena, chaneli kadhaa husafiri pamoja katika masafa mamoja. Kabla ya kupanda paani, zijaribu zile zinazosafiri na iliyogoma. Zikionekana safi, iache antena yako: kagua malipo ya kifurushi, sachi upya, kisha uliza kituo. Likiwa limegoma kundi zima huku za masafa mengine zikionekana, hapo ndipo ngazi inahitajika.