Tao si Upinde

Kila siku ya wazazi inapokaribia, wanafunzi wengi wa huku Embu na Meru hukata migomba, huisimamisha kando ya lango la shule, kisha huunganisha vichwa vyake kwa majani na maua. Baadaye huandika insha, nao husema kwamba wageni walipita "chini ya upinde wa maua". Neno hilo, msomaji, nalikataa.

Upinde ni silaha. Ni ufito uliopindwa ukashikwa na upote, yaani ule uzi wake. Ukate uzi, nao ufito hunyooka. Tao la jengo ni kinyume chake. Fundi hutega mbao, hupanga mawe juu yake kutoka pande mbili, na hukaza jiwe la mwisho kileleni. Mbao zikiondolewa, tao halianguki, kwa kuwa kila jiwe humsukuma mwenzake na uzito wote hushukia miguuni. Hakuna uzi hapo. Basi asemaye "upinde wa mlango" anataja kitu ambacho kingelegea siku ile ile.

Kosa hili lina asili yake. Kimeru na Kiembu huuita upinde uta, kama Kiswahili cha kale. Na nyumba za wazee wetu zilikuwa za mviringo, za miti na nyasi, ambazo mlango wake haukuhitaji tao. Mwanafunzi hutumia neno alilo nalo. Wa pwani ana bahati zaidi: akienda Gedi, karibu na Malindi, ataona lango la jumba la kale la mawe, na tao lake lenye ncha kileleni lingali limesimama.

Hata hivyo, yeyote asikudanganye kwamba tao ni neno la wajenzi wa pwani tu. Mto Tana huambaa na Embu kwa upande wa kusini, hupinda kuelekea kaskazini mashariki hadi Tharaka, ndipo hushuka tena kusini kutafuta Bahari ya Hindi. Lile pindo kubwa ni tao. Naye mtu aendaye kwa maringo, akiyumba huku na huku, husemwa kwamba anakwenda kwa matao. (Kila shule ina mmoja.)

Labda utaniuliza: lango la migomba limefungwa kwa kamba, halibebi kitu, je, si upinde kuliko tao? Hoja ni nzuri. Lakini mto nao haubebi kitu, na bado twasema tao, maana lugha huangalia umbo kwanza. Upinde wa mvua tumeurithi kwa mfano wa silaha, nao ubaki hivyo, tusiuongezee ndugu. Na kama mlilaza gogo moja lililonyooka juu ya nguzo mbili, usiandike tao wala upinde. Andika boriti.