Treni ya Kwenda Kuona Mbuzi

Harambe ni mji mdogo wa pwani. Kuta zimechubuka, mabango ya biashara yamefifia kwa jua, na mahali fulani pameandikwa Uhuru na mwaka 1961. Ukiutafuta kwenye ramani ya Kenya au Tanzania hutaupata. Uko Florida, Marekani, ndani ya Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa na Disney tarehe 22 Aprili 1998. Waliobuni bustani hiyo walizunguka Afrika Mashariki kabla ya kujenga, wakapita Lamu, wakarudi na kuta, milango na jina. "E" moja ya Harambee ilibaki njiani.

Pale Harambe kuna kituo cha treni. Treni yenyewe, Wildlife Express, imejengwa Uingereza ifanane na zile za mvuke za enzi ya mkoloni, lakini ndani inanguruma dizeli. Juu ya mabehewa kumefungwa vikapu, masanduku na mizigo ambayo haina mwenyewe. Viti vyote vinatazama upande mmoja. Safari huchukua kama dakika saba, polepole kabisa, halafu unashuka mahali ambapo madaktari wa mifugo hufanya kazi nyuma ya kioo na watoto hupapasa mbuzi. Ukimaliza mbuzi, unapanda treni ileile na kurudi.

Mashabiki wa bustani hiyo wamebishana miaka mingi: je, safari hii inafaa? Wa kwanza wanasema umelipa zaidi ya dola 100 kuingia, muda ni mali, na huwezi kuutumia kwenda kushika mbuzi. Wa pili wanajibu kwamba miguu imechoka, jua la Florida ni kali, na kwenye treni kuna kivuli.

Mimi niko Sosiot, Kericho, na sijawahi kuipanda. Nimeitazama kwa simu, zile video ambazo mtu anarekodi kimya tangu kupanda hadi kushuka. Nimetazama sita, bando ikalia. Na kwa sisi wa huku hoja ya mbuzi inaisha mapema sana, maana mbuzi hapa ndiye anakupapasa wewe, akitafuta kama una chumvi. Lakini ubishi wenyewe umenikaa kichwani kwa sababu mbili. Mji ule umepewa neno letu. Na mimi naishi mahali ambapo watu huja kutazama, wakapiga picha, wakaondoka.

Disney hawakubuni wazo la kumketisha mgeni kwenye treni na kumwonyesha Afrika upande mmoja. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Haikupita muda, wenye reli wakaanza kuuza tiketi kwa mabango yenye simba na twiga, kana kwamba wanyama ni sehemu ya huduma ya behewa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwekewa benchi mbele kabisa ya injini, akasafiri amekaa pale na wenzake wakihesabu wanyama. Ukitazama viti vya treni ya Harambe, utaona ni lile benchi, limerefushwa ili familia nzima itoshe.

Reli hiyohiyo ilipita kaskazini yetu, Lumbwa, ambapo leo tunapaita Kipkelion, kisha Fort Ternan, ikateremka Muhoroni. Hakuna aliyekwenda polepole kwa ajili ya urembo wa milima. Treni ilienda polepole kwa sababu ya milima. Ila aliyekaa dirishani aliona ardhi ya kijani yenye mvua, na kwenye hesabu yake ikawa ardhi tupu. Wakipsigis waliokuwa wakilisha ng'ombe juu yake walihesabiwa baadaye, kama vibarua. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, kule karibu na ziwa. Chai ilikuwa imeshaanza kupandwa. Leo wajukuu wa waliohamishwa bado wanadai haki, na sisi wengine tunaweka picha ya mashamba hayohayo mtandaoni na neno "mandhari".

Kwa hiyo nilipoanza kutazama zile video nilikuwa tayari kuicheka treni ile na kuendelea na shughuli zangu. Kisha ikafika ile sehemu ya katikati.

Baada ya kuondoka kituoni, kabla ya mbuzi, treni hupita nyuma ya mabanda. Hapo hakuna Lamu wala ngome. Kuna milango ya chuma, ua wa zege, nyasi kavu, tela, mipira ya maji. Sauti ya mtangazaji inakwambia hapa ndipo tembo hulala, pale vifaru. Wengi wa wanaorekodi huteremsha simu hapo, ama huanza kuongea na watoto wao. Ndiyo sehemu inayotajwa kila mara na wanaosema safari haina maana: umekuja kuona bustani, unaonyeshwa stoo.

Mimi nasema hiyo ndiyo dakika bora kuliko zote kwenye bustani ile. Huko mbele kuna safari ya lori iitwayo Kilimanjaro Safaris, ambapo barabara imetengenezwa ionekane imebomolewa na mvua na simba amelala juu ya mwamba kana kwamba amejichagulia. Kila kitu pale kinakwambia haya mambo yanajiendesha. Treni ndiyo peke yake inayokunong'oneza kwamba hapana: simba yule ana banda, ana saa ya kuitwa, ana mtu wa kumfagilia kinyesi. Disney, kampuni inayojulikana kwa kuficha waya zote, imeweka reli inayopita kando ya waya, na watu wanalalamika kwamba wameziona.

Bado nina kinyongo nayo. Mtangazaji anataja wanyama kwa majina na kazi inayofanywa kwa wingi, lakini mfanyakazi akitokea na toroli, treni haimsubiri. Na ile mizigo ya juu ya paa inanikera zaidi ya yote. Ukifika uwanja wa ndege wa Manda kwenda Lamu, unavushwa kwa boti dakika chache tu, na kwenye maji yale utapishana na boti nyingine zenye magodoro, unga, kreti za soda, mama na kuku wake. Sijasikia mtu akiuliza kama safari ile "inafaa". Inafaa kwa sababu ina kazi: godoro lina mwenyewe anayelingoja ufukweni. Vivyo hivyo matatu yetu yenye magunia ya kabeji kwenye keria. Waliobuni Harambe walichukua mzigo wakamwacha mwenye mzigo. Walidhani mzigo ni rangi.

Na kabla hatujajiona wajanja, tuangalie nyumbani. Tangu 2017 tunapanda Madaraka Express na kubandika simu kwenye kioo pale Tsavo, tukiomba tembo atokee kabla ya Voi. Kutoka Nairobi kwenda upande wa Suswa tumeipitisha reli juu ya Nairobi National Park kwa daraja la zaidi ya kilomita 6. Na wikendi, magari ya road trip huja Kericho, yanasimama kando ya lami, mtu anaingia kwenye mistari ya chai na kofia kubwa, drone inapaa, wanaondoka kwenda Kisumu kula samaki. Chai kutoka juu ni zulia. Hakuna zulia linalojifuma.

Zulia hili lina mabanda yake ya nyuma. Lina mtu anayechuma majani mawili na chipukizi tangu umande haujakauka, na lina mashine inayofanya kazi ya watu wengi kwa siku moja. Mei 2023 mashine kadhaa za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, katika maandamano ya watu waliosema zinawanyima ajira. Aliyepita kwa gari wiki ileile angeweza kupata picha safi kabisa, kijani mpaka mwisho wa macho, asijue chochote.

Hivyo kipimo changu cha safari ya polepole si muda wala tiketi. Kwenda polepole peke yake hakukufundishi chochote. Roosevelt naye alienda polepole. Swali ni je, mwendo huo unakupitisha nyuma ya mabanda, ama unakuzungusha mbele tu kwa muda mrefu zaidi? Ukikuzungusha mbele, hiyo ni foleni yenye magurudumu. Ukikupitisha nyuma, hata kwa dakika moja, umelipwa.

Kwa kipimo hicho, treni ya Harambe inafaa. Inafaa kwa dakika moja kati ya saba, na hiyo si haba kwenye bustani ya aina ile. Mwenye watoto na miguu iliyochoka ana haki ya kuipanda kwa ajili ya kivuli tu, na simwonei haya. Ila akifika kwenye milango ya chuma, asiteremshe simu.

Na wewe unayepanga kuja huku, njoo polepole, lakini njoo na jioni yako. Sosiot, kwa Kikipsigis, ni kile kijiti cha kusafishia kibuyu cha mursik, kwa hiyo hata jina la mji wetu ni la kazi ya nyuma ya nyumba. Pita zile picha za barabarani. Tafuta kituo cha kununulia chai cha wakulima wadogo, saa ambayo majani yanapimwa. Utakuta foleni, mizani, ubishi wa kilo na robo, karani anayeandika, lori ambalo limechelewa na watu wanaolisema vibaya. Utakaa sana. Hakuna mtangazaji atakayekueleza unachokiona, na viti, kama vipo, vinatazama kila upande.