Mita 300 za historia: tukisoma After the Map ya William Rankin

Hadithi ya ramani tuliyoizoea shuleni ni fupi. Zamani ramani zilikuwa mbovu, wakaja wapima ardhi wakazirekebisha, zikaja ndege, halafu setilaiti, na leo simu inakuonyesha ulipo. Kila hatua ni bora kuliko iliyotangulia, basi.

William Rankin, mwanahistoria wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Yale, ameandika kitabu kizima kuivuruga hadithi hiyo. Kinaitwa After the Map, tuseme "Baada ya Ramani", na kilitolewa na University of Chicago Press mwaka 2016. Hoja yake ni kwamba katika karne ya 20 kilichobadilika zaidi ni swali lenyewe. Mwanzoni mwa karne ramani ilijibu "nchi hii ikoje?" Kufikia mwisho wa karne, vyombo vilikuwa vinajibu "nukta hii iko wapi?" Na waliosukuma mabadiliko hayo, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanajeshi.

Ni kitabu kizuri, na nitasema kwa nini. Lakini ukikisoma ukiwa Afrika Mashariki kuna mahali kinabana, na pale kinapobana pana somo kwa yeyote kati yetu anayekwenda uwandani na GPS mkononi.

Hatua tatu

Rankin anapanga hoja yake kwa hatua tatu. Ya kwanza ni ndoto ya Albrecht Penck, mwanajiografia wa Kijerumani, aliyependekeza mjini Bern mwaka 1891 kwamba mataifa yote yachore pamoja ramani moja ya dunia kwa skeli ya 1:1,000,000. Sentimita moja kwenye karatasi ingekuwa kilomita 10 ardhini. Ramani hiyo haikukamilika kamwe.

Ya pili ni gridi, yaani ile miraba ya mistari iliyonyooka juu ya ramani, inayokuwezesha kutaja mahali popote kwa namba mbili: mita ngapi kwenda mashariki, mita ngapi kwenda kaskazini. Ya tatu ni mawimbi ya redio, kuanzia mifumo ya kuongozea ndege na meli katika Vita vya Pili vya Dunia hadi GPS. Hapa huhitaji hata karatasi. Chombo kinakupa namba, mchezo umekwisha.

Kwa nini mizinga ilitaka miraba

Sura ya gridi ndiyo moyo wa kitabu, na peke yake inatosha kukifanya kiwe na thamani. Tujaribu kuielewa fizikia yake.

Mwaka 1915, upande wa magharibi mwa Ulaya, majeshi yamekwama kwenye mahandaki. Mizinga iko nyuma ya vilima, inalenga vitu ambavyo wapigaji hawavioni. Zamani mpiga mzinga alirusha risasi moja, mwangalizi akamwambia "ongeza kidogo, sogea kushoto", akarusha tena. Shida ni kwamba risasi hizo za majaribio zinamwamsha adui. Ukitaka kumshtukiza, lazima upige sawasawa mara ya kwanza, na hapo unahitaji umbali na mwelekeo kwa hesabu tupu.

Ukiwa na gridi, hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Tuseme shabaha iko kilomita 6 mashariki na kilomita 8 kaskazini ya mzinga wako. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali ni kilomita 10. Mwelekeo ni takriban digrii 37 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Imeisha.

Lakini dunia ni duara na karatasi ni bapa. Kila mbinu ya kuutandaza uso wa dunia kwenye karatasi inaharibu kitu fulani. Ramani kuu ya jeshi la Ufaransa ya wakati huo, ya skeli ya 1:80,000, ilitumia mbinu ya Bonne, inayotunza ukubwa wa maeneo lakini inapotosha pembe. Kwa mtu anayetaka kujua ukubwa wa wilaya, haina neno. Kwa mpiga mzinga ni balaa: pembe ikikosewa kwa theluthi moja tu ya digrii, kwa umbali wa kilomita 10 unakosa shabaha kwa karibu mita 58. Wafaransa wakahamia kwenye mbinu ya Johann Heinrich Lambert, mwanahisabati aliyeichapisha mwaka 1772, kwa sababu inatunza pembe. Hesabu iliyokaa miaka zaidi ya 140 ikapata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuua watu kwa usahihi.

Matunda yake yalionekana Cambrai, tarehe 20 Novemba 1917, pale mizinga ya Waingereza takriban 1,000 ilipofyatuka alfajiri bila risasi za majaribio kabla yake. Nyuma ya shambulio hilo kulikuwa na upimaji wa ardhi, gridi, na vikosi vya kusikiliza mizinga ya adui kwa vinasa sauti. Mmoja wa waliounda mbinu hiyo ya kusikiliza alikuwa Lawrence Bragg, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1915 akiwa na miaka 25. Mlio mmoja unafika kwenye vinasa sauti kadhaa kwa nyakati tofauti kidogo, na tofauti hizo zinakuambia mzinga uko wapi. Mwanafunzi wa fizikia atashtuka kidogo hapa: mifumo ya redio ya Gee na Loran ya Vita vya Pili ni wazo lilelile limegeuzwa. Badala ya chanzo kimoja na masikio mengi, kuna vyanzo vingi na sikio moja.

Rankin anaieleza safari hii kwa uvumilivu, na ramani na michoro aliyoichora mwenyewe inasaidia sana, kwani yeye pia ni mchora ramani.

Ninapobishana naye

Ugomvi wangu wa kwanza ni kuhusu neno "vita". Kitabu kinakufanya uamini kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilizaa gridi. Ukweli ni kwamba mahandaki ndiyo yaliyoizaa. Vita hivyohivyo vilipiganwa Tanganyika ya leo, na huku hakuna aliyekwama mahali pamoja. Vikosi vilitembea mamia ya kilomita, vikitegemea wapagazi kubeba kila kitu. Ramani bora iliyokuwapo, ile ya Paul Sprigade na Max Moisel ya 1:300,000, ilichorwa Berlin kwa kuunganisha kumbukumbu za njia za wasafiri. Swali la kamanda wa huku lilikuwa maji yako wapi, njia ipi inapitika masika, kijiji gani kina chakula. Swali la "nchi hii ikoje" halikufa. Na majibu yake mengi hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa kwa wenyeji. Uzito wa kitabu uko Ulaya na Marekani, kwa hiyo mwaka 1915 unaonekana kama mlango ambao dunia nzima iliupita pamoja. Haikuwa hivyo.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi, na uko kwenye jina la kitabu. "Baada ya" ramani? Hatua tatu za Rankin zinapangwa kama vile moja inaiachia nyingine nafasi. Hapa kwetu zote tatu zipo mezani kwa wakati mmoja, na hazielewani.

Mita 300

Kila kodineti, yaani zile namba mbili za mahali, inasimama juu ya msingi unaoitwa datamu: umekubali dunia ina umbo gani, na umeanzia kupima wapi. Msingi wa ramani zetu za zamani unaitwa Arc 1960. Umbo lake la dunia ni la Alexander Ross Clarke, ofisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza, aliyelikokotoa mwaka 1880. Mfupa wake wa mgongo ni mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Cairo, wazo la mwanafalaki David Gill. Sehemu ya Tanganyika ilianza kupimwa miaka ya 1930, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Martin Hotine, ofisa mwingine wa wahandisi wa jeshi. Pengo la mwisho, la Sudan, lilizibwa mwaka 1954 na idara ya ramani ya jeshi la Marekani. Hotine ndiye aliyeongoza idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1946, na ndege za kivita za Lancaster, vita vikiwa vimekwisha, zikaletwa kupiga picha za Afrika kutoka angani. Shiti za 1:50,000 ambazo bado tunazipata maktabani na ofisi za ramani ni mtoto wa kazi hiyo.

Juu yake iliwekwa gridi ya UTM, iliyobuniwa na jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, inayoigawa dunia katika kanda 60 za digrii sita sita. Tanzania inaangukia kanda tatu: Kigoma iko kanda ya 35, mji wa Dodoma kanda ya 36, Dar es Salaam kanda ya 37.

GPS nayo ina datamu yake, WGS84, na umbo lake la dunia lina nusukipenyo cha ikweta kilicho kifupi kwa mita 112 kuliko cha Clarke. Kitovu chake pia kiko mahali tofauti. Matokeo: chukua namba za simu yako, ziweke kama zilivyo kwenye shiti ya Arc 1960, na utajikuta takriban mita 300 kutoka ulipo, zaidi upande wa kusini. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo ni milimita sita tu. Ardhini ni mashamba ya familia kadhaa, au ng'ambo ya mto.

Kwa kulinganisha, saa ya GPS ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mawimbi ya redio yanakuwa yamesafiri mita 300. Wahandisi wametumia saa za atomu kulikwepa kosa hilo. Sisi tunaweza kulirudisha lote kwa kusahau kuandika neno moja kwenye daftari: datamu gani?

Ndiyo maana naona hatua ya mwisho ya Rankin, ile ya namba zinazoelea bila karatasi, haijakamilika. Namba haielei. Tuseme mpaka wa kijiji uliandikwa kwa namba za Arc 1960, halafu mtu anaukagua kwa simu. Bikoni haitakuwepo pale namba inaposema, na wanakijiji wanaosema "mpaka uko kwenye ule mbuyu" wataonekana wamekosea. Kumbe wako sawa. Hapo mwenye chombo ana nguvu kuliko mwenye kumbukumbu, na hiyo ndiyo hoja ya Rankin kuhusu nani anaishika ardhi, ila inahitaji kufuatwa mpaka kijijini.

Ukisome?

Ndiyo, hasa kama unasoma jiografia, upimaji, uhandisi au historia. Si chepesi. Kina kamati nyingi na herufi za vifupisho nyingi zaidi. Kama muda ni mdogo, anza na sura za gridi katikati ya kitabu, halafu ya GPS mwishoni.

Ukimaliza, tafuta shiti ya 1:50,000 ya kwenu na usome maandishi madogo ya pembezoni. Utakuta jina la elipsoidi, la gridi na la datamu. Kabla ya kutuma kodineti kwa mtu yeyote, andika na datamu yake.